Je, Zamani Watoto Hawakuzaliwa na Kasoro za Moyo? Historia ya Hesabu Iliyopanda

Utangulizi

Mwaka juzi mtoto wa binamu yangu aligunduliwa kuwa na tundu kwenye moyo akiwa na umri wa miezi minne. Habari ilipofika nyumbani kwetu, karibu na mpaka wa Busia upande wa Uganda, nyanya yangu alitikisa kichwa akasema, "Haya ni maradhi ya siku hizi, mjukuu wangu. Sisi tulizaa, mama zetu walizaa, na hatukusikia mtoto aliyezaliwa na moyo mbovu." Sikumjibu. Jioni ile ile, tukiwa tumekaa nje, alianza mwenyewe kunisimulia juu ya mwanawe wa tatu, aliyezaliwa miaka michache baada ya Uhuru. Mtoto huyo alikuwa akinyonya kidogo tu, kisha anaacha titi, anahema, na jasho linamtiririka usoni kama mtu aliyetoka kulima. Hakunenepa. Alifariki kabla hajaanza kutambaa. "Alikuwa dhaifu tu," nyanya alisema. "Mungu alimchukua."

Insha hii imetokana na kauli hizo mbili. Kauli ya kwanza inasema kwamba ugonjwa haukuwepo. Ya pili inataja dalili ambazo daktari wa watoto wa leo angezisikiliza kwa makini sana: mtoto anayechoka na kutoka jasho akinyonya, asiyeongezeka uzito. Siwezi kusema ami yangu huyo, ambaye sikuwahi kumwona, alikuwa na ugonjwa gani. Nimonia na maradhi mengine pia huwaua watoto wachanga kwa namna inayofanana na hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna aliyemsikiliza moyo, na kwamba hakuingia katika hesabu yoyote.

Swali ninalolijibu ni la kihistoria: je, watoto wanaozaliwa na kasoro za moyo wameongezeka katika miaka mia moja iliyopita? Ukitazama takwimu peke yake, jibu ni ndiyo, tena wameongezeka sana. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walikusanya tafiti 114 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, zilizohusu zaidi ya watoto milioni 24 waliozaliwa hai. Walikuta kwamba katika miaka ya 1930 hadi 1934 watoto walioripotiwa kuwa na kasoro hizi walikuwa 0.6 kwa kila watoto 1,000. Baada ya mwaka 1995 walikuwa 9.1 kwa kila 1,000. Hilo ni ongezeko la mara 15 katika muda wa maisha ya mtu mmoja.

Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni historia ya vyombo na ya watu wanaohesabu, na sehemu ndogo tu ndiyo historia ya mioyo yenyewe. Hata hivyo, yapo mabadiliko ya kweli ambayo hayafai kupuuzwa. Tena nitaonyesha kwamba hapa kwetu Afrika Mashariki, hesabu ndogo haikumaanisha afya njema. Ilimaanisha giza.

Tunahesabu nini?

Kwanza ni muhimu kueleza kinachohesabiwa. Kasoro za moyo za kuzaliwa nazo ni hitilafu zinazotokea moyo unapojengeka tumboni mwa mama, hasa katika wiki nane za mwanzo za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua vizuri kwamba ni mjamzito. Baadhi ni ndogo, kama tundu dogo katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya moyo. Nyingine ni kubwa: mishipa mikuu miwili imebadilishana mahali, au upande mmoja wa moyo haukukua. Kwa hiyo tunaposema "kasoro za moyo" tunaweka katika kapu moja mtoto atakayeishi miaka 80 bila kujua kwamba aliwahi kuwa na tundu, na mtoto ambaye bila upasuaji hatamaliza mwezi wa kwanza.

Pili, kuna hesabu tatu ambazo watu huzichanganya. Kuna watoto wanaozaliwa na kasoro, kuna wanaogunduliwa, na kuna wanaoishi nazo. Hesabu ya kwanza hakuna aliyewahi kuiona kwa ukamilifu, kwa sababu mimba nyingi zenye kasoro kubwa huharibika mapema na wengine hufa kabla ya kupimwa. Vitabu na ripoti hutupatia hesabu ya pili. Mitaani tunaiona ya tatu: mtoto wa jirani aliyepasuliwa, picha ya mtoto anayechangiwa fedha za matibabu. Nyanya aliposema "maradhi ya siku hizi" alikuwa anazungumzia hesabu ya pili na ya tatu, lakini akadhani anazungumzia ya kwanza. Nimegundua kwamba hata wasomi hufanya kosa hilo.

Mioyo ndani ya chupa

Kasoro hizi zilijulikana kwa wanasayansi kabla ya kuhesabiwa. Katika karne ya 17 mwanaanatomia wa Denmark, Nicolas Steno, alieleza moyo wa kijusi uliokuwa na kasoro kadhaa kwa pamoja. Mwaka 1888 daktari wa Marseille, Étienne-Louis Fallot, alieleza kasoro hizo hizo nne zinazofuatana, na hadi leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. Yeye aliuita ugonjwa wa buluu, kwa sababu damu yenye hewa kidogo iliwafanya wagonjwa wake wabadilike rangi. Ningependa msomaji alitazame jina hilo vizuri. Ni jina lililotungwa na mtu aliyekuwa akitazama ngozi nyeupe. Katika ngozi kama yangu, ubuluu huo hauonekani mashavuni. Sharti mtu amfungue mtoto mdomo atazame ulimi na ufizi, au atazame kucha. Hata jina la ugonjwa lilikuja likiwa limekwisha kuamua ni nani angeonekana na nani asingeonekana.

Kwa muda mrefu madaktari wa Ulaya na Marekani hawakuona sababu ya kuhesabu. William Osler, ambaye kitabu chake cha tiba cha mwaka 1892 kilisomwa na wanafunzi wengi wa udaktari, aliyapa maradhi haya nafasi ndogo kwa hoja rahisi: wengi wa watoto hao hawaishi, na wanaoishi hakuna la kuwafanyia. Kwa nini mtu ahesabu asichoweza kukitibu?

Aliyehesabu kwa bidii alikuwa Maude Abbott wa Montreal, Kanada. Chuo Kikuu cha McGill kilimkatalia nafasi ya kusoma udaktari kwa kuwa alikuwa mwanamke. Alisomea kwingine, kisha akarudi McGill akapewa kazi ya kutunza makumbusho ya tiba, yaani mikebe na chupa zenye viungo vya maiti. Humo alikuta mioyo ya ajabu, akaanza kuipanga na kuifananisha. Mwaka 1936 alichapisha atlasi yenye uchambuzi wa wagonjwa 1,000 wenye kasoro za moyo. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote zilizotangulia.

Lakini mwanafunzi wa historia aulize: 1,000 kati ya wangapi? Abbott hakuwa na jibu, na hakuwa na njia ya kulipata. Alikuwa na wagonjwa bila idadi ya watoto waliozaliwa, na karibu wote walijulikana baada ya uchunguzi wa maiti. Kumbe hata ile 0.6 ya miaka ya 1930 inatoka katika zama ambazo daktari alikuwa na masikio yake, stetoskopu, na meza ya maiti. Mtoto aliyezikwa bila kupasuliwa hakuhesabiwa, na waliokuwa na matundu madogo wakakua salama hawakuhesabiwa pia.

Tiba huleta wagonjwa

Tarehe 26 Agosti 1938, huko Boston, daktari Robert Gross alifunga kwa uzi mshipa wa mtoto wa kike wa miaka saba, mshipa ambao kwa kawaida hujifunga wenyewe baada ya kuzaliwa. Mtoto alipona. Tarehe 29 Novemba 1944, huko Baltimore, Alfred Blalock alimpasua mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa Fallot ili kupeleka damu zaidi mapafuni. Wazo lilikuwa la Helen Taussig, daktari wa watoto aliyepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kusikia na hivyo kuzoea kupima mapigo ya moyo kwa kugusa vifua vya watoto kwa vidole. Mbinu ilijaribiwa kwanza maabara na Vivien Thomas, Mmarekani mweusi asiyekuwa na shahada, ambaye siku ile alisimama nyuma ya Blalock akimwelekeza. Mwaka 1953 John Gibbon wa Philadelphia alitumia mashine iliyofanya kazi ya moyo na mapafu wakati akiziba tundu ndani ya moyo.

Kwa historia ya hesabu, matukio haya yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana. Baada ya Baltimore, wazazi walianza kuwaleta watoto kutoka mbali, na madaktari wa vijijini ambao zamani wangeandika tu kwamba mtoto ni dhaifu wakawa na sababu ya kuchunguza. Ugonjwa usio na tiba hauna foleni. Tiba inapopatikana, foleni huonekana, na anayetazama foleni kwa mbali hudhani ugonjwa umezuka. Katika utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1971, wanawake walifuatiliwa tangu mimba na watoto zaidi ya 50,000 wakachunguzwa. Waliokutwa na kasoro walikuwa karibu 8 kwa kila 1,000. Utafiti huo ulifanywa kabla ya vyombo vya kisasa kuenea. Mara hii watu waliamua kuwatazama watoto wote, badala ya kungoja wanaoletwa.

Sauti inayoona

Hatua iliyofuata ilianzia katika kiwanda. Huko Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walitafuta njia ya kuuona moyo bila kupasua kifua. Hertz alijua kwamba viwanda vya meli hutumia mawimbi ya sauti, yale yasiyosikika kwa sikio, kutafuta nyufa katika vyuma. Mwezi Oktoba 1953, wakitumia mashine ya kuazima, walipata picha ya kwanza ya mwendo wa moyo kwa mawimbi hayo. Kufikia miaka ya 1970 na 1980 picha zilikuwa bora kiasi cha kuonyesha kuta, vali na mkondo wa damu ndani ya moyo wa mtoto mchanga. Hapa kwetu watu wengi hukiita kipimo hicho eko.

Eko ilibadilisha maana ya kuwa mgonjwa. Tundu lisilotoa sauti yoyote kwenye stetoskopu sasa lilionekana. Mfano unaonishangaza zaidi unatoka Israel. Mwaka 1995 madaktari walichapisha matokeo ya kuwapima kwa eko watoto wachanga 1,053, bila kuchagua wenye dalili. Walikuta matundu madogo katika ukuta wa chini wa moyo kwa watoto 56, sawa na 53 kwa kila 1,000. Karibu wote hawakuwa na dalili, na sehemu kubwa ya matundu hayo ilijiziba yenyewe katika miezi iliyofuata. Tukihesabu hivyo, kasoro za moyo si 9 kwa kila 1,000 bali ni zaidi ya 50. Watoto wa mji huo hawakuwa wagonjwa kuliko wengine. Walikuwa wametazamwa kuliko wengine.

Tunawezaje basi kujua kama ongezeko ni la macho au la mioyo? Ipo njia moja ninayoiona kuwa ya kuaminika. Tutenganishe kasoro kubwa na ndogo. Kasoro kubwa hujitangaza: mtoto hubadilika rangi, huzidiwa, huletwa hospitali, au hufa na kuchunguzwa. Katika nchi zenye huduma nzuri zisingeweza kujificha hata kabla ya eko. Kama mioyo yenyewe imeharibika zaidi, kasoro kubwa nazo zingepanda pamoja na ndogo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 juu ya tafiti za dunia nzima kuanzia 1970 hadi 2017 ulionyesha kwamba hesabu iliendelea kupanda mpaka kufikia 9.4 kwa kila 1,000, lakini karibu asilimia 93 ya ongezeko hilo ilitokana na kasoro ndogo: matundu kwenye kuta na mshipa uliochelewa kujifunga. Kasoro kubwa hazikupanda hivyo.

Mabadiliko ya kweli

Hata hivyo, sitaki kumaliza kwa kusema kwamba hakuna kilichobadilika katika mwili wa binadamu. Huo ungekuwa uvivu. Kuna vipindi ambapo mioyo yenyewe iliharibika zaidi, na vipindi ambapo ilipona.

Mfano wa kwanza ni rubela. Mwaka 1941 Norman Gregg, daktari wa macho wa Sydney, Australia, aliona watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho. Wengi wao walikuwa pia na kasoro za moyo. Mama zao walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa mimba, ugonjwa ambao kwa mtu mzima huleta vipele na homa ndogo tu. Kabla ya hapo watu wengi waliamini kwamba kasoro za kuzaliwa ni za kurithi, na kwamba tumbo la mama ni ngome. Mlipuko wa rubela wa 1964 na 1965 huko Marekani uliacha watoto wapatao 20,000 waliozaliwa na madhara yake, yakiwemo ya moyo. Chanjo iliidhinishwa mwaka 1969, na mwaka 2015 bara lote la Amerika lilitangazwa kuwa halina tena maambukizi ya rubela yanayoenea humo. Hapa kuna kasoro za moyo ambazo zilipungua kweli, na sababu inajulikana.

Mfano wa pili ni dawa ya thalidomide, iliyouzwa kuanzia mwaka 1957 na kuondolewa sokoni Ujerumani mwaka 1961. Watu hukumbuka mikono na miguu mifupi ya watoto waliozaliwa, lakini wengi wao waliharibika pia mioyo.

Mfano wa tatu ni wa kheri. Mwishoni mwa mwaka 1998 Kanada iliwalazimisha wenye viwanda kuongeza asidi ya foliki katika unga wa ngano. Watafiti walipochunguza jimbo la Quebec kuanzia 1990 hadi 2005, walikuta kwamba baada ya hatua hiyo kasoro kubwa za moyo zilipungua kwa takriban asilimia 6 kila mwaka. Katika nchi hizo pia vipimo vya mimba vimewafanya baadhi ya wazazi wasiendelee na mimba zenye kasoro kubwa, jambo linalopunguza hesabu ya wanaozaliwa bila kupunguza kasoro zenyewe. Kwa upande mwingine, kisukari kwa wajawazito huongeza hatari ya kasoro za moyo, na kisukari kinaongezeka katika miji yetu.

Na kuna hesabu ya tatu, ya wanaoishi. Huko Quebec, kufikia mwaka 2010 watu wazima walikuwa karibu theluthi mbili ya wote wenye kasoro za moyo za kuzaliwa nazo. Zamani ulikuwa ugonjwa wa watoto kwa sababu wagonjwa hawakufikia utu uzima. Huku ni kuongezeka kwa wagonjwa ambako kunafaa kushangiliwa.

Kwetu Uganda: nani alitazamwa?

Sasa narudi nyumbani. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa serikali ya kikoloni nchini Uganda walishtushwa na vifo vya watoto na uchache wa uzazi. Maelezo yao yalikuwa kaswende. Kanali Lambkin wa jeshi la Uingereza alidai kwamba sehemu kubwa sana ya Waganda walikuwa na ugonjwa huo, na sera za afya na za maadili zikajengwa juu ya dai hilo. Baadaye wataalamu walionyesha kwamba mengi yaliyoitwa kaswende huenda yalikuwa buba na maradhi mengine yanayofanana nayo. Somo ninalolipata hapa ni kwamba daktari huona kile alichokuja akikitafuta. Mtoto aliyekufa katika nyumba ya Muganda mwaka 1910 alikuwa tayari amepewa sababu ya kifo kabla hajachunguzwa.

Hali ilibadilika hospitali ya Mulago ilipopata wanapatholojia waliochunguza maiti kwa utaratibu. Katika miaka ya 1940 mmoja wao, J.N.P. Davies, alieleza ugonjwa wa moyo ambao utando wa ndani hukakamaa, ugonjwa ambao vitabu vya Ulaya havikuwa nao. Bila shaka Waganda walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo kabla ya Davies kufika. Mwaka 1966 jarida la Uingereza la maradhi ya moyo lilichapisha makala juu ya kasoro za moyo za kuzaliwa nazo kwa watoto wa Uganda, na mwaka 1969 likachapisha nyingine iliyotokana na uchunguzi wa maiti wa miaka 16 pale Mulago. Kwa hiyo katika miaka ile ile ami yangu alipozaliwa na kufa, walikuwepo watu Kampala waliojua kwamba watoto wa Uganda huzaliwa na kasoro za moyo, na walikuwa wakiandika. Lakini Busia si Mulago. Aliyefia Mulago aliweza kuwa takwimu. Aliyefia mgongoni mwa mama yake, njiani, alikuwa "dhaifu tu".

Kisha likaja giza lingine. Baada ya mwaka 1971 utawala wa Idi Amin uliwafanya madaktari wengi, wageni na wenyeji, waondoke nchini, na kazi ya utafiti Mulago ikadhoofika sana. Mtu anayetafuta hesabu za miaka hiyo akikuta kurasa tupu, asifikiri kwamba mioyo ya watoto ilipona. Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa mwaka 1988, ikapata vipimo na wataalamu kidogo kidogo. Kwa jirani zetu Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2015. Popote taasisi kama hizi zinapofungua milango, foleni huonekana, kama ilivyokuwa Baltimore.

Nirejee kwenye utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2011, kwa kuwa ndani yake kuna namba iliyonifanya niandike insha hii. Waligawa dunia kwa mabara. Asia ilikuwa na 9.3 kwa kila 1,000, Ulaya 8.2, na Afrika 1.9. Mtu anaweza kuisoma namba hiyo kama habari njema, kwamba sisi tuna mioyo imara. Tuipige hesabu kwa njia nyingine. Katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa, Ulaya huandika 820 na Afrika huandika 190. Tukikubali kwamba hakuna sababu ya kuamini mioyo yetu imeumbwa tofauti kiasi hicho, basi katika kila watoto 100,000 kuna wapatao 630 waliozaliwa Afrika bila mtu kuandika. Baadhi yao walikuwa na matundu madogo yaliyojiziba. Wengine walikuwa kama ami yangu, pengine.

Namba hiyo ina madhara. Serikali hupanga bajeti kwa ripoti. Ugonjwa ulioandikwa mara chache hupewa fedha kidogo, fedha kidogo huleta vipimo vichache, na vipimo vichache huleta ripoti chache. Hata chanjo ilichelewa kwetu: Rwanda ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela kwa pamoja mwaka 2013, Tanzania mwaka 2014, na Uganda mwaka 2019, miaka 50 kamili baada ya chanjo ya rubela kuidhinishwa Marekani. Katika miaka hiyo 50 walizaliwa watoto ambao mioyo yao iliharibiwa na ugonjwa unaozuilika, na wengi wao hatutawajua kamwe. Waswahili husema usilolijua ni usiku wa giza.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba kupanda kwa hesabu ya kasoro za moyo kutoka 0.6 hadi zaidi ya 9 kwa kila watoto 1,000 kumetokana hasa na uchunguzi wa maiti uliopangwa, upasuaji uliowaleta wagonjwa hospitali, na eko iliyoonyesha hata matundu yasiyo na madhara. Nimeonyesha pia kwamba rubela, thalidomide na asidi ya foliki zilibadilisha mioyo yenyewe, kwa ubaya na kwa wema, na kwamba njia nzuri ya kutofautisha mambo haya ni kuzitazama kasoro kubwa peke yake. Mwisho, nimedai kwamba uchache wa kasoro hizi katika takwimu za Afrika ni ukimya wa kumbukumbu, na mwanahistoria hapaswi kuusoma ukimya kama afya.

Mtoto wa binamu yangu anaendelea vizuri. Tundu lake ni dogo, na daktari amesema wasubiri kwanza, kwa kuwa linaweza kujiziba. Nilipomaliza kuandika rasimu ya insha hii nilimweleza nyanya kwa ufupi niliyoyasoma. Nilimwambia kwamba huenda maradhi haya yalikuwepo tangu zamani, ila hakukuwa na mtu wa kuyaona. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kwa hiyo haikuwa kosa langu?"

Kumbe kwa miaka hamsini na zaidi alikuwa amebeba maneno ya watu wa ukoo, kwamba hakumnyonyesha vizuri. Nilimjibu, "Hapana nyanya, haikuwa kosa lako." Sina kumbukumbu ya hospitali ya kuthibitisha ugonjwa wa mwanawe. Lakini kama mtoto alikuwa akiacha titi mwenyewe kwa kukosa pumzi, kosa halikuwa la titi. Hilo niliweza kulisema.